Masika Niliyowacheka Mabondia

Jumatatu, Machi 23

Mvua imeanza kweli leo, si ile ya kutania ya wiki iliyopita. Nilikuwa natoka shuleni Elerai, viatu mkononi, binamu yangu Abdulhalim akanipigia simu. Ana duka la vifaa vya michezo mjini, na kila Jumamosi asubuhi ana nusu saa yake redioni. Amebuni shindano analoliita Ligi ya Ndoto. Ameorodhesha mabondia kumi na wawili wa mkoa huu, wote wa uzito wa welter, kilo sitini na sita hivi. Kila mshiriki anachagua watatu wawe timu yake, kwa ndoto tu, maana mabondia wenyewe hata hawaulizwi. Bondia akishinda kweli ulingoni, aliyemchagua anapata pointi. Akimwangusha mtu, pointi zaidi. Masika yakiisha, mwenye pointi nyingi anachukua mbuzi.

"Shida ni kwamba watu hawawajui hawa vijana, Dada Ummy," akasema. "Nataka uwaandike. Wasifu mfupi mfupi, wa kuchekesha. Wewe una mdomo."

Mdomo ninao. Nilikuwa na safu gazetini miaka sita, gazeti likafa, nikabaki na madaftari ya Kidato cha Pili. Nimekubali kabla hajamaliza kuomba.

Jumatano, Machi 25

Nimekwenda kwenye mazoezi yao, banda la mabati nyuma ya gereji. Kocha Sankale amenipa stuli na kuniambia nisiwaguse. Kana kwamba ningetaka.

Jumamosi, Machi 28

Wasifu wa kwanza umesomwa redioni, kisha Abdulhalim akautuma kwenye kundi la simu la ligi, watu mia tisa. Nanakili hapa nilivyoandika, kwa sababu nimejipenda:

"Lesian Yiamat, kutoka magharibi ya Mlima Meru. Amechunga ng'ombe miaka kumi na minne na hajawahi kumkimbia simba. Mwezi uliopita alimkimbia fundi cherehani wa Ngarenaro kwa raundi nne mfululizo. Anasema hakuwa akikimbia. Alikuwa akitafuta malisho."

"Sironka. Ngumi yake ya kushoto ni kali kuliko zote mkoani, ila huchelewa kama majibu ya barua. Hupima uzito mara tatu: kabla ya makande, baada ya makande, na baada ya kuambiwa ukweli."

Simu haijanyamaza tangu asubuhi. Mwalimu mkuu, ambaye hajanisalimia kwa furaha tangu mwaka juzi, ameniita "mwandishi wetu."

Jumanne, Machi 31

Mvua. Nimesahihisha insha arobaini. Thelathini na nane zinaanza na "Hapo zamani za kale."

Jumamosi, Aprili 4

Mapambano huwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa mjini wenye mabati yanayopiga kelele kuliko watazamaji. Leo nimemwona Ezra Elisaria kwa mara ya kwanza. Ni Mmeru wa Nkoaranga, miaka thelathini na mitatu, mapambano arobaini na moja. Ana uso mpole wa mtu wa kwaya, pua imehama.

Baada ya raundi ya tatu alitembea taratibu hadi kona ya mpinzani wake, akaketi kwenye stuli ya mwenzake, akapokea chupa, akanywa, akasema ahsante. Ukumbi mzima ulilala kwa kicheko. Mwamuzi mwenyewe alishika mbavu. Nami nilikuwa nimeshatoa kalamu.

Jumatatu, Aprili 6

Nimemaliza wasifu wa Ezra. Nadhani sijawahi kuandika kitu kizuri zaidi.

"Ezra Elisaria wa Nkoaranga, kilo sitini na sita na ndizi mbili. Kichwa chake ni mali ya umma: kila mtu anakipiga, hakuna anayekitunza. Hana ubaguzi wa kona. Popote penye maji ni nyumbani. Ukimwuliza leo ni siku gani, hujibu, 'Ya mazoezi.' Hupigana kama mgeni anayetafuta swichi ya taa gizani, na siku akiipata, mtu analala."

Jumamosi, Aprili 11

Imesomwa. Abdulhalim alicheka redioni hadi wakaweka muziki kabla ya kumaliza. Watu mia mbili na zaidi wamembadilisha bondia mmoja ili kumwingiza Ezra. Wanajirekodi wakinywa maji kwenye vikombe vya watu wengine.

Leo nilivuka barabara ya Kaloleni na kijana wa kuuza vocha akanipigia saluti. Nikaipokea.

Alhamisi, Aprili 16

Ezra mwenyewe amenifuata bandani. Nilijiandaa kutukanwa. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Shikamoo, mwalimu."

Nimemzidi miaka minane tu, lakini niliitikia. Akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Wasifu wangu. Kuna mtu alimchapishia.

"Nina miaka kumi na tano kwenye ngumi," akasema, polepole, kama anayepanda ngazi zenye utelezi. "Hakuna aliyewahi kuniandika. Hata cheti cha ubatizo walikosea jina. Wewe umeandika vizuri. Umeandika lote."

"Hukuudhika?"

"Kwa nini? Mama amesomewa. Amefurahi."

Nimerudi nyumbani nikiwa na moyo mwepesi. Nimeandika hivyo ili siku moja nijisome na kuona haya.

Jumanne, Aprili 21

Leo naandika kirefu.

Saa ya mapumziko mlinzi aliniambia nina mgeni getini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye koti la mvua la kiume na tope hadi magotini. Alikataa kuingia ofisini, na alikataa kiti.

"Mwalimu Ummy? Mimi naitwa Hope. Ni mke wa yule anayekunywa maji ya kona za watu."

Nikajitahidi kutabasamu. Yeye hakujitahidi.

"Nauza ndizi Tengeru. Kila siku ya soko wananiuliza, mumeo leo amekunywa maji ya nani? Sikuja kukugombeza kwa hilo. Hata mimi siku ile nilicheka. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu, nikacheka na watu. Ndicho kinachoniuma hadi leo."

"Dada Hope, ule ulikuwa utani tu."

"Utani gani? Alikaa pale kwa sababu hakuijua kona yake." Akaangalia mvua ilivyopiga bendera ya shule. "Mwezi wa pili alimkamua mbuzi, akaniletea maziwa, akarudi kumkamua tena. Mbuzi akampiga teke, akashangaa. Wiki iliyopita alitoka Tengeru kwa miguu akaipita njia ya kwao. Njia aliyozaliwa nayo, mwalimu! Mtoto wa jirani alimrudisha kutoka juu kabisa, karibu na msitu. Na lile la siku, kwamba ukimwuliza leo ni siku gani anajibu ya mazoezi, alikuambia nani?"

"Wenzake bandani."

"Basi walikuambia kweli. Haijui."

Kengele ililia, wanafunzi wakaingia madarasani, nami nikabaki pale. Nikamwuliza kwa nini hamwambii aache.

"Namwambia. Anasema, nitaachaje sasa, na ndio kwanza wananijua? Wewe ndiye uliyemjulisha. Nimekuja uniambie tunafanyaje."

Nikasema tu nitafikiri. Mimi mwenye mdomo.

Jumatano, Aprili 22

Nimekwenda dukani kwa Abdulhalim. Alikuwa anatundika jezi. Nikamweleza yote, nikamwomba amtoe Ezra kwenye orodha na asisome tena habari zake.

"Dada Ummy, watu wanampenda."

"Wanampenda akipigwa."

"Kupendwa ni kupendwa. Wewe unadhani kule Nkoaranga kuna mtu aliyewahi kuimbiwa jina lake ukumbini?" Akashuka kwenye ngazi. "Na mimi si daktari. Daktari wa pambano anampima kila mara, anapita. Wewe ni daktari?"

Nilimlea Abdulhalim mgongoni. Nilimfundisha kusoma. Leo nimemwangalia nikaona kwamba si mtu mbaya, na jambo hilo limenikera kuliko kama ingekuwa kinyume chake. Mtu mbaya ningejua pa kumshikia.

Ijumaa, Aprili 24

Kocha Sankale: "Mwalimu, kila bondia husahau. Hata mimi nasahau." Akacheka. Nikamwuliza jina langu. Akasema, "Mwalimu."

Jumamosi, Aprili 25

Mvua imebomoa ukuta wa choo cha wavulana. Sikwenda ukumbini.

Jumatano, Aprili 29

Nimefikiri kwamba kama maneno yangu ndiyo yaliyomwingiza mle, maneno yangu yatamtoa. Nimeandika wasifu mpya wa Ezra, bila mzaha hata mmoja:

"Ezra Elisaria amepigwa kichwani kwa miaka kumi na tano. Hajui leo ni siku gani. Amepotea kwenye njia ya nyumbani kwao. Alikaa kona ya mpinzani kwa sababu hakuijua ya kwake. Mkewe anaogopa. Msimchague. Kila pointi mnayoipata, yeye anailipa kwa kitu ambacho hakitarudi."

Sikumpa Abdulhalim. Nimeutuma mwenyewe moja kwa moja kwenye kundi.

Alhamisi, Aprili 30

Wamecheka.

Vikaragosi vyenye machozi ya kicheko, kurasa na kurasa. "Mwalimu leo umetuua." "Amepotea njia ya kwao!!!" "Hii kiboko kuliko ile ya maji." Mtu mmoja tu, simjui, aliandika: "Jamani, mbona kama ni kweli?" Wakamjibu kwamba hajui fasihi.

Mwalimu mkuu ameusoma kwenye chumba cha walimu kwa sauti ya mchungaji, na walimu wenzangu wakapiga meza. Nimesema, "Ni kweli. Huyu mtu anaumwa." Wakapiga meza zaidi. Nilitumia miaka mingi kuwafundisha watu kwamba nikifungua mdomo wacheke. Wamefuzu.

Ijumaa, Mei 8

Kupima uzito, kwa pambano la kesho: Ezra na Sironka. Nimekwenda kwa sababu Hope aliniomba. Yeye alikuwa na mtoto mwenye homa.

Daktari wa pambano ni kijana mwenye haraka. Huwauliza maswali manne: jina lako, leo tarehe ngapi, tuko wapi, unapigana na nani. Halafu wafuate kidole kwa macho. Ezra alijibu yote bila kusita. Moyo wangu ukatulia. Nikawaza, labda Hope amezidisha, labda nami nimezidisha, na nikaanza kujisikia vizuri upesi mno.

Kisha Ezra akaja kunisalimia, na nikaona mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umefungwa bandeji, ingawa hakuna mtu anayefunga mikono siku ya kupima uzito. Juu ya bandeji, kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa: EZRA. IJUMAA MEI 8. MJINI. SIRONKA.

Nikaomba kupiga naye picha. Alifurahi, akaweka ngumi kidevuni kama mabondia wanavyofanya. Mimi nikapiga picha ya mkono tu.

"Nani amekuandikia hivi, Ezra?"

"Kocha. Ni ya bahati."

Nilimfuata daktari kwenye maegesho nikamwonyesha picha. Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akasema ameshatia sahihi, na mwenye mamlaka ya kufuta pambano ni chama cha ngumi cha mkoa, niandike barua. Pambano ni kesho, nikasema. Akasema ndiyo, anajua.

Jumamosi, Mei 9

Mvua ilipiga mabati hivi kwamba kengele haikusikika. Mwamuzi alikuwa akipunga kitambaa. Hope alikuwa pembeni yangu, mtoto kamwacha kwa mama mkwe. Ukumbi ulijaa. Walikuja na vikombe.

Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, Ezra alipigwa tu. Sironka, niliyemwandika kwamba ngumi yake huchelewa, leo hakuchelewa hata mara moja. Kila mara Ezra alipogeuka mwishoni mwa raundi, Sankale alipanda nusu ya kamba na kumpigia makofi ili ajue pa kwenda, na watu wakaimba, "Maji! Maji!" Hope alikuwa ameshika mkono wangu, sijui kama alijua ni wa nani.

Raundi ya tano Sironka alishusha mkono kidogo, nadhani kwa kuchoka kupiga. Ezra alitupa ngumi ya kulia, na Sironka akaanguka kifudifudi, hakuamka hadi hesabu ya kumi ikaisha.

Ameshinda. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Watu walimbeba juu, wakamwagia maji, wakaimba jina lake. Abdulhalim alipanda ulingoni na kipaza sauti akatangaza kwamba promota wa Dar es Salaam amempigia muda huo huo: Ezra atapigana Dar mwezi wa saba. Hope alisema neno moja tu kwa Kimeru, sikulielewa, nikalielewa.

Baada ya kama saa nzima tulimkuta chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa ameoga, amevaa shati safi, ameketi kwenye benchi, amenyoosha mikono yote miwili mbele ya Sankale.

"Nifunge, kocha," anasema. "Tunachelewa. Sironka ameshaingia."

Sankale alinitazama. Sijawahi kumwona mtu mzima akizeeka kwa haraka namna ile.

"Ero, kijana wangu," akamwambia, kwa sauti ndogo, "imekwisha. Umeshinda."

"Acha utani," Ezra akasema, na mikono yake akaiacha pale pale.

Jumatatu, Mei 11

Nimeandika barua kwa chama cha ngumi. Hope ametia sahihi. Nimeambatanisha picha ya bandeji. Na leo alfajiri, bila mimi kumwomba, Kocha Sankale amekuja nyumbani Kaloleni, akaketi barazani huku akichuruzika maji, akaniambia niandike chini ya barua kwamba bandeji aliiandika yeye. "Watanifungia," akasema. Nikasema ndiyo, watakufungia. "Andika," akasema.

Nilimdhania vibaya huyu mzee. Si sana, lakini vibaya.

Jumanne, Mei 19

Chama kimemsimamisha Ezra hadi apimwe. Kimemfungia Sankale miaka miwili.

Jumatatu, Mei 25

Hope na Ezra wamekwenda hospitali kubwa Moshi, Ezra akapigwa picha ya kichwa. Daktari amemwambia Hope kwamba ubongo wa mumewe umesinyaa kama wa mzee wa miaka sabini na kitu. Hautarudi. Utaendelea kupungua, asipopigwa tena utapungua polepole.

Hope alinisimulia kwa simu. Nilisema "pole" mara nyingi hadi akaniomba niache.

Alhamisi, Mei 28

Leseni ya Ezra imefutwa moja kwa moja. Abdulhalim hapokei simu yangu. Amemtumia mama yangu ujumbe kwamba nimeua ligi.

Ligi haijafa. Ameweka bondia mwingine.

Jumatatu, Juni 1

Ezra alinisubiri getini saa tisa, nilipotoka na mwavuli wangu mwekundu. Alikuja peke yake kutoka Nkoaranga. Alifikaje, sijui, na alikuwa amelowa. Hakunisalimia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Ezra."

"Wamesema barua ni yako."

"Yangu na ya Hope."

"Hope ni mke wangu, ataniogopea hadi nife. Wewe ni nani?" Maneno yalitoka yamenyooka, moja baada ya jingine. "Ulinicheka, nikakushukuru. Sasa umenihurumia, na sina kitu. Bora ungeendelea kucheka."

Nilimwambia kuhusu picha ya kichwa. Nilimwambia angekufa Dar.

"Ningekufa nikiwa Ezra," akasema.

Wanafunzi walikuwa wamejaa getini. Mmoja nyuma yao akaropoka, "Maji!" na baadhi wakacheka. Nimewafundisha mimi. Ezra hakugeuka. Alinitazama tu, akatema mate chini karibu na viatu vyangu, akaondoka. Nilimfuata kwa mbali hadi alipopanda gari sahihi.

Jumamosi, Juni 6

Masika yamekwisha, leo jua limetoka na baridi yake. Mshindi wa Ligi ya Ndoto ni fundi wa simu wa Ngarenaro. Amepigwa picha na mbuzi. Nusu ya pointi zake zimetoka kwa Ezra.

Abdulhalim amepata mwandishi mwingine. Nimemsikiliza. Anaandika kama mimi, hata pale ninaposhusha pumzi kabla ya kuumiza. Amemwandika Sironka, kwamba aliangushwa na mtu asiyejua alikuwa anampiga nani. Nimezima redio.

Jumamosi, Juni 13

Nimepanda Nkoaranga. Bodaboda iliniacha chini, tope lilikuwa halijakauka, nikapanda kwa miguu kati ya kahawa na migomba, nikipumzika kila kona kama bibi kizee. Nilichukua sukari na mchele. Sikujua nimekwenda kuomba nini.

Ezra alikuwa nyuma ya nyumba akikata majani ya migomba ya ng'ombe. Aliinua kichwa, akaniona. Akabaki na panga mkononi. Kisha akasema maneno mengi kwa Kimeru, kwa sauti ya juu, akinielekezea kidole, akanipa mgongo na kuingia ndani zaidi ya migomba. Tulisikia majani yakianguka, moja, moja, kwa hasira.

Hope alinipokea mzigo. Nilimwambia kwamba sikupaswa kuja, kwamba nimekosea, naondoka. Nikamwuliza amesema nini.

"Amesema wewe ndiye mwalimu wa Elerai, uliyemwandika redioni, halafu ukamwandikia barua wakamnyang'anya leseni. Amesema ulikuwa na mwavuli mwekundu siku ile getini. Amesema usikanyage kwao tena."

"Ana haki."

Hope aliweka sukari chini. Hapo ndipo nilipoona analia, na wakati huo huo anataka kucheka.

"Asubuhi aliniita mimi kwa jina la dada yake marehemu. Jana hakumjua mtoto. Wiki nzima hajaunganisha maneno manne." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Wewe amekukumbuka kwa kila kitu, hadi mwavuli."

Tulisimama tukisikiliza panga.

"Jumamosi ijayo uje tena, mwalimu," akasema. "Njoo akutukane."

Nimesema nitakuja.